Mwalimu na Koplo Wake

"Saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, koplo alikufa kwa risasi iliyotoka upande ambao haukuwa na adui."

Hivyo ndivyo kilivyoanza kitabu cha Mwalimu, katika kila toleo. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyekipiga kwa mashine, na sura ya kwanza niliipiga mara tisa. Mengine yalibadilika: majina ya askari, rangi ya udongo, upande wa upepo. Saa haikubadilika.

Kitabu kile kilikuwa cha fumbo, na msomaji alitakiwa kungoja hadi mwisho. Mimi sitamngojesha mtu. Mwalimu alifia ndani ya behewa la treni, siku ya nne ya safari, kabla ya kufika katika mkoa ambao watu walimwambia ni kwao na ambao hakuwahi kuuona. Binti yake aliniandikia. Walimzika kando ya reli, karibu na stesheni ndogo ambayo binti hakulijua jina lake. Sura ya mwisho ya kitabu haikuandikwa. Haya ninayoandika hayashiki nafasi ya sura hiyo. Ni mtu tu, kama nilivyomjua kwa miaka kumi na mmoja katika mtaa mmoja wa Katuba, Lubumbashi.

Mimi ni fundi wa mashine za kuandikia. Shule niliiacha baada ya mwaka wa sita wa msingi. Yaliyobaki niliyasoma katika karatasi za wateja wangu, maana mtu akileta mashine huacha mara nyingi ukurasa ndani yake, nami sikuwahi kurudisha ukurasa bila kuusoma. Mwalimu aliniletea mashine ambayo herufi yake ya "k" ilikuwa imevunjika. Ndani yake palikuwa na nusu ukurasa kuhusu handaki. Aliporudi kuichukua nilimwambia kwamba askari wake wa tatu alikuwa amekaa mahali pawili kwa wakati mmoja. Alisoma, akafuta. Tangu siku hiyo nikawa ndiye mpigaji wa kitabu chake. Hakunilipa kwa fedha. Alinifundisha Kifaransa cha kuandika, kila Jumamosi, saa nane hadi saa tisa na nusu, na hakuwahi kunizidishia wala kunipunguzia dakika.

Alikuwa mtu wa saa. Nikiandika barua za wateja alisimama nyuma yangu na kusema, "Weka saa." Nikimwambia kwamba mama huyu anaomba tu kijana wake wa Likasi amletee blanketi, hakuna haja ya saa, alisema tena, "Weka saa. Siku moja mutu atauliza." Hata hivyo kanisani alichelewa kila Jumapili, na padri mmoja alizoea kusimama mlangoni kumngoja. Alikuwa na mikinzano ya namna hiyo. Darasani hakuvumilia uongo hata mdogo, lakini katika mchezo wa dame aliiba kete mchana kweupe, na ukimshika alicheka hadi machozi yanatoka. Alisema hapendi askari, hata walinzi wa soko aliwapita kwa mbali, lakini kitanda chake alikitandika kama cha kambini, shuka limevutwa hadi unaweza kudundisha sarafu juu yake.

Watoto aliowafundisha wanakumbuka jambo moja kuliko yote. Alipoita majina asubuhi, kila mtoto alipaswa kujibu kwa mdomo wake. Ikiwa mwenzako amechelewa nawe ukajibu "niko" kwa ajili yake, Mwalimu alikuwa mkali kuliko kwa mtoto aliyeiba. Nilimfahamu dereva mmoja, mtu mzima mwenye ndevu, aliyeniambia kwamba mpaka leo hawezi kumshikia mtu nafasi katika foleni ya mkate bila kuogopa.

Halafu kulikuwa na suala la baridi. Katika mwezi wa sita na wa saba, Lubumbashi huamka na ukungu, na watu wa mtaani hutoa nje mbabula, majiko yetu ya makaa, wanakusanyika juu ya makaa na kunywa uji wakiwa wamejifunika. Mwalimu alipita na shati la mikono mifupi. Fundi viatu wetu hakuchoka kumtania.

"Mwalimu, mbabula yako iko ndani ya tumbo?"

"Iko."

"Basi karibia hapa utuongezee moto."

"Makaa imeisha, ndugu yangu. Inabakia tu majivu."

Alipostaafu, wanafunzi walichanga wakamnunulia koti zuri la sufu. Alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa hotuba, na kabla ya kufika nyumbani alikuwa amempa mlinzi wa shule. Watu wengine walikasirika. Mke wake, ambaye bado alikuwa hai wakati ule, alisema tu kwamba hajawahi kumwona na koti tangu waoane.

Na makaburini. Kwetu mtu wa mtaa akifa, wanaume wa mtaa ndio wanaochimba, kwa zamu, huku wanawake wamekaa kwenye kilio. Mwalimu alikwenda kila mara lakini hakuingia shimoni hata siku moja. Alisimama juu, ameshika makoti ya wachimbaji kwenye mkono mmoja na saa kwenye mkono mwingine, na kila dakika kumi alisema, "Badilisha." Hakuna aliyechimba dakika ya kumi na moja. Siku moja kijana fundi wa magari, amejaa jasho, alimwuliza kutoka chini:

"Na zamu yako Mwalimu, inafika lini?"

"Yangu ilishapita," alisema, na kijana akacheka. Nilikuwa karibu nami nikacheka pia.

Sasa nieleze kitabu. Aliweka hadithi yake katika vita vya kwanza vya Wazungu, wakati askari wa Kongo walipopelekwa mashariki kupigana na Wajerumani. Wanaume saba wako katika handaki kando ya ziwa. Hawana mapigano, wanangoja tu, kwa majuma. Kuna koti moja la joto, mali ya askari mmoja, na kwa desturi waliyoianzisha wenyewe kila anayeingia zamu ya ulinzi hulivaa, halafu akitoka humpa anayefuata. Alfajiri moja mlinzi anapigwa risasi mgongoni. Mbele hakuna adui aliyepiga. Nesi wa kikosi anaamua kutafuta ukweli, akimhoji mtu mmoja mmoja. Mwalimu alipanga mambo haya juu ya meza yangu kwa njiti za kiberiti. Saba. Ile ya koplo ilikuwa imechomwa kichwa. Alizisogeza kwa ncha ya kidole, akauliza, "Kutoka hapa, unaona nini? Mwanga ukiwa bado kidogo, unaona sura ao unaona koti?"

"Naona koti," nilisema.

"Njo vile," alikubali, na kuandika.

Katika sura ya nne nilikuta kosa. Walinzi walibadilishana zamu king'ora kilipolia. Nikamwambia.

"Mwalimu, kule ku ziwa, vita ya Wajerumani, nani alikuwa na sirene?"

"Unasema nini?"

"Ukurasa ya makumi ine na mbili. Sirene inalia saa kumi na moja na nusu, balinzi banabadilishana. Sirene iko ku usine ya shaba, Mwalimu. Iko hapa kwetu."

Alichukua ukurasa na kuukunja mara mbili. "Fundi, weye unasoma sana."

"Njo kazi yangu."

Kesho yake aliurudisha. Mahali pa king'ora palikuwa na tarumbeta. Lakini kwa king'ora kile cha kiwanda mimi nilikuwa nimekwisha kuelewa kwamba hapakuwa na ziwa. Lilikuwa ni handaki la hapa, nje ya mji, la wakati Katanga ilipojitenga na Kongo, ambapo vijana wa makambi ya wafanyakazi walichukuliwa kuchimba na kulinda. Baridi ya kitabu ilikuwa baridi yetu. Udongo ulikuwa mwekundu kama wetu, hata alipoupaka rangi nyingine.

Yaliyobaki niliyapata kwa mama mmoja wa Kasenga, kando ya mto Luapula. Alileta samaki wakavu kwa lori, mara tatu au nne kwa mwaka, na kabla ya kwenda sokoni alipita kwa Mwalimu. Kaka yake mkubwa ndiye aliyekufa katika handaki lile. Alikuwa mpangaji nyumbani kwa wazazi wa Mwalimu, na walichukuliwa pamoja. Maiti ilirudishwa Kasenga bila maelezo. Mama huyu, alipokua, alimtafuta rafiki wa kaka yake na kumwuliza swali moja: nani alimuua? Mwalimu aliahidi kutafuta. Alimwambia kwamba ataandika kitabu, kwa sababu watu hawamjibu mtu anayeuliza habari za mauaji, lakini mtu anayeandika hadithi, watu humjibu hata asiyoyauliza. Na ilikuwa kweli. Alikwenda na sukari na mkate kwa wanaume wazee wa makambi, akakaa nao, akauliza kuhusu saa, mwanga, nani alilala wapi.

Mama hakujua kusoma. Nilimsomea mimi, yeye amekaa juu ya magunia yake.

"Mwalimu," alisema siku moja, "ule koplo yako angali anakufa tu? Miaka yote hii, hajamaliza kufa?"

"Mama, kufa kwake kulikuwa kwa dakika moja. Kuandika njo kunalomba wakati."

"Samaki yangu ingekuwa inakauka pole pole vile, batoto bangekufa njala."

Walicheka wote wawili. Lakini alipoinuka kwenda aliniuliza mlangoni, kwa sauti ya chini, kama sura iliyobaki ni moja au mbili. Nilimwambia moja. Kila safari aliniuliza, na kila safari nilimjibu moja.

Mimi ni mtu wa kuhesabu vipande. Mashine hairudi kazini ikiwa skrubu moja imebaki mezani. Kwa hiyo niliona. Nesi alikuwa amewahoji wanaume watano. Ukimtoa marehemu, alibaki mmoja: mwenye koti. Nilimwuliza Mwalimu kwa nini nesi hamhoji mtu huyo.

"Atamuhoji."

"Lini?"

"Ile siku atakuwa na nguvu."

Sikusisitiza. Nilifikiri nina wakati.

Wakati ulikuwa unaisha, na sote tuliona, ila hatukuona kwamba ni sisi tunaoishiwa. Viwanda vilinyamaza kimoja baada ya kingine. Mshahara wa Jumatatu haukununua unga wa Ijumaa. Askari walipora maduka, na raia wakafuata kuchukua kilichobaki, hata milango. Karatasi ikawa haba. Kitabu tukakipiga nyuma ya fomu za ofisi iliyofungwa, na ukigeuza ukurasa wa handaki unakuta orodha ya wafanyakazi. Halafu yakaanza maneno, kwanza redioni na mikutanoni, baadaye kwenye bomba la maji: kwamba watu wenye asili ya mkoa wa Kasai warudi kwao. Baba yake Mwalimu alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya shaba. Mwalimu mwenyewe alizaliwa hapa, akazika wazazi na mke hapa.

Vijana walifika kwake mchana, wapatao kumi na wawili. Watatu kati yao alikuwa amewafundisha. Nyumba yangu inatazamana na yake. Niliona na kusikia kila kitu kupitia upenyo wa mlango, na mlango nilikuwa nimeutia komeo.

"Mwalimu, tunakuheshimu," mmoja alisema. "Ulitufundisha. Lakini kesho tusikute mutu humu."

Mwalimu aliuliza, "Saa ngapi?"

Walitazamana. Sidhani walikuwa wameliwaza jambo hilo.

"Saa sita," alisema yule kijana, akiangalia chini.

Saa tano na nusu siku iliyofuata aliondoka na binti yake mjane na wajukuu wanne. Kabla ya kuondoka alivuka njia na kuweka kitabu kizingitini kwangu, kimefungwa kwa kamba, kurasa mia tatu na kumi na moja. Hakugonga. Nadhani alijua niko nyuma ya mlango.

Stesheni ilikuwa imejaa watu waliolala chini ya maturubai wakingoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Nilikwenda siku ya tisa, na mikate sita. Kwa siku nane za kwanza sina maelezo. Alikuwa amekonda. Alinikaribisha kwenye kipande chake cha turubai kama mtu anayekaribisha sebuleni, akaniuliza kama "k" bado inashika.

Nilirudi kila siku kuanzia hapo. Siku ya ishirini na mbili, saa nne asubuhi, nilimkuta mama wa Kasenga amekwisha kufika. Alikuwa ameuza samaki wake kwa bei ya hasara ili awahi.

"Nimelipa nafasi mbili mbele, pembeni ya shofere," alikuwa anamwambia. "Lori inatoka saa nane. Ku Luapula hakuna mutu atakuuliza babu yako alitoka wapi. Nitabaambia ni yaya yangu, kaka mukubwa."

"Mama, ikala kwanza."

"Nitaikala Kasenga."

"Ikala, mama. Ni juu ya ile sura."

Akakaa. Mimi nilitaka kuondoka, Mwalimu akaniashiria nibaki. Alizungumza polepole, bila kubadili sauti, kama anayesoma imla. Alisema aliyepiga risasi ni mkuu wa kikundi chao. Alikuwa na hakika kwamba kijana wa Kasai aliyekuwa kati yao anapeleka habari kwa upande wa pili, na hakutaka kungoja ushahidi. Mtu huyo alikwisha kufa kwa ugonjwa zamani. Mwalimu alilijua jina lake tangu mwaka wa kwanza wa kuulizia. Mkuu yule alipiga koti. Koti lilikuwa la Mwalimu.

"Zamu yangu ilianza na sirene," alisema. "Ndugu yako alikuya kunipa koti. Nalimwambia, kaa nayo dakika kumi ingine. Akasema, bien, sawa, lala."

Watoto walikuwa wanalia mahali, na mtu alikuwa anapasua mbao za sanduku kwa ajili ya moto.

"Ile koti ilimupita mikono," alisema hatimaye. "Balipomufikisha, vidole havikuonekana. Nalikuwa mutoto, lakini nalijua haikuwa yake. Nalikuwa nangoja tu mwenyewe aseme."

"Ulijua miaka yote hii?"

"Nalijua koti. Sikujua dakika kumi."

Aligeuza uso kuelekea reli. Alipogeuka tena aliuliza, "Ulikuwa mugonjwa?"

"Hapana."

"Ulikuwa na nini?"

"Nilisikia baridi."

"Tu?"

"Tu."

Mwalimu hakuomba msamaha, nami nilimwelewa: hakutaka kumpa kazi nyingine ya kufanya. Baadaye mama alifungua kitambaa chake, akajifuta uso, akakifunga upya kwa nguvu.

"Lori inatoka saa nane," alisema. "Kamata mizigo yako."

Binti wa Mwalimu alikuwa amesikia yote. "Papa, enda," alisema. "Kule utakuwa na nyumba. Sisi tutakuandikia."

Na Mwalimu aliinuka. Nasema hivi kwa sababu nilikuwepo: aliinuka, akachukua kifurushi chake, akakiweka begani. Tulikuwa tumefika kwenye ukuta wa stesheni, mama mbele, mimi nyuma, wakati treni iliporudi kinyumenyume ndani ya stesheni, mabehewa ya mizigo, milango wazi. Watu wote waliinuka pamoja. Sijawahi kuona umati ukienda namna ile. Nyuma yetu binti yake alikuwa na mtoto mgongoni, mwingine mkononi, na wawili wanashikilia sufuria na nguo yake, na watu wanawapita juu.

Mwalimu alisimama.

"Mutoto yangu hawezi kupanda na batoto bane yeye peke yake."

"Benzake batamusaidia," mama alisema. Alikuwa amemshika mkono juu ya kiwiko.

"Njo vile nalisema hata mimi, ile siku."

Mama alimwachia. Hakuna aliyemsukuma mwenzake wala kumvuta. Mwalimu alirudi ndani ya umati, akampokea binti yake sufuria, akainua watoto mmoja mmoja hadi kwenye mlango wa behewa, mkubwa kwanza, kisha akapanda. Niliuona mkono wake wazi, bila sweta, ukimpokea binti yake, wa mwisho kupanda. Baada ya hapo sikumwona tena.

Nilimsindikiza mama hadi kwenye lori. Shofere alikuwa na mteja mwingine anayengoja nafasi ya mbele, mwanaume mwenye redio begani, fedha mkononi.

"Mama, uko peke yako? Basi huyu apande."

"Nafasi ile imelipwa."

"Lakini mwenyewe haiko."

"Imelipwa," mama alisema, akapanda, akafunga mlango.

Saa nane na dakika tano lori liliondoka, nafasi ile ikiwa wazi kati yake na shofere, na mwaka uliofuata aliniambia kwamba ilibaki wazi hadi Kasenga, hata mvua ilipowakuta na watu wa nyuma wakagonga kioo. Nauli ya nafasi ile ilikuwa zaire milioni sita.